Namna ya kufuatilia virusi vya mafua kwa nguruwe na ngiri: mwongozo kamili kutoka bandani hadi maabara

Nguruwe akipata mafua, mara nyingi hupona ndani ya wiki moja. Homa inapanda, anakohoa kikohozi kikavu, anasusa pumba siku mbili tatu, kisha anarudi kwenye hori kama kawaida. Vifo ni vichache. Kwa hiyo mfugaji hapigi simu, na afisa mifugo anayesubiri taarifa za wagonjwa ofisini atajaza sifuri kwenye fomu zake mwaka mzima huku virusi vikizunguka kijijini. Kufuatilia mafua ya nguruwe ni kuwaendea nguruwe wanaoonekana wazima, tena kuwaendea mara kwa mara.

Nimeuandika mwongozo huu kwa afisa mifugo wa wilaya, daktari wa mifugo anayesimamia machinjio, mwanafunzi wa utafiti, na mfugaji mkubwa anayetaka kuelewa watu wa maabara wanafanya nini kwenye banda lake. Mifano mingi ni ya Kenya na Tanzania. Kwa nguruwe mwitu nimechukua pia uzoefu wa Ulaya, ambako kazi hii ina miaka mingi.

Unatafuta nini hasa

Unatafuta virusi vya mafua aina A. Vinasaba vyake viko katika vipande 8 vilivyotengana. Seli moja ikiingiliwa na virusi viwili tofauti kwa wakati mmoja, vipande hivyo vinaweza kuchanganyika na kutoa virusi vipya. Njia ya hewa ya nguruwe hupokea virusi vya binadamu na pia vya ndege, na hapo ndipo hofu yote inapoanzia.

Mafua ya nguruwe yalitambuliwa mara ya kwanza huko Iowa, Marekani, mwaka 1918, wakati ambao watu walikuwa wanakufa kwa mafua duniani kote. Richard Shope ndiye aliyetenga virusi vyenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1930, kabla virusi vya mafua ya binadamu havijatengwa mwaka 1933. Mwaka 1979 virusi vya ndege viliingia kwa nguruwe wa Ulaya na kukaa moja kwa moja. Mwaka 1998 huko Marekani yakaonekana mafua ya H3N2 (H na N ni protini mbili za juu ya virusi, namba ni aina zake) yenye vipande kutoka kwa nguruwe, binadamu na ndege kwa pamoja. Mwaka 2009 mchanganyiko mwingine, wa H1N1, ukatoka kwa nguruwe, ukashika binadamu, na tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani likatangaza janga la dunia. Leo kwa nguruwe tunazungumzia hasa H1N1, H1N2 na H3N2.

Lakini kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayefanya kazi hii Afrika Mashariki alishike. Virusi vya 2009 vilipokwisha kuenea kwa watu, vilirudi kwa nguruwe nchi baada ya nchi. Vimepatikana kwa nguruwe wa Kamerun, wa Nigeria na wa Kenya. Utafiti uliofanyika kwenye machinjio ya nguruwe nchini Kenya mwaka 2013 na 2014 ulivikuta kwa nguruwe, ilhali wafanyakazi wa machinjio waliopimwa hawakuwa navyo. Binadamu anampa nguruwe mafua kama vile nguruwe anavyoweza kumpa binadamu. Mpango wowote wa ufuatiliaji usiomuuliza mfugaji, mke wake na kijana wake wa bandani kama walikuwa na mafua wiki iliyopita unaacha nje nusu ya habari.

Hatua ya 1: Chagua swali

Usianze na swabu, yaani kijiti cha kuchukulia ute, anza na swali. Ukitaka kujua kama virusi vimewahi kupita wilayani kwako, chukua damu na utafute kingamwili, yaani kinga ambazo mwili huziunda dhidi ya virusi. Ni rahisi na hakuhitaji bahati. Ukitaka kujua ni virusi gani vinazunguka sasa hivi, lazima upate virusi vyenyewe, maana yake pua, mate au mapafu. Na ukitaka kujua vinabadilikaje mwaka hadi mwaka, unahitaji vyote viwili kutoka sehemu zile zile kwa muda mrefu.

Miradi mingi huahidi vyote vitatu kwa fedha ya kimoja. Andika swali lako kwa sentensi moja na ulibandike ukutani. Litakusaidia siku bajeti itakapokatwa.

Hatua ya 2: Vibali, na mazungumzo na wenye nguruwe

Kwa Tanzania, utafiti unapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na unapogusa wanyamapori unapita pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri na daktari wa mifugo wa wilaya wajue mapema. Kwa Kenya, zungumza na idara ya mifugo ya kaunti, na kwa wanyamapori na KWS, shirika la wanyamapori. Idara ya afya iingie tangu siku ya kwanza, sio siku ya majibu. Tanzania kuna Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Kenya kuna kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kinachoshughulikia magonjwa ya wanyama yanayompata binadamu. Viko kwa ajili ya kazi kama hii.

Kisha nenda kwa wafugaji, na hapa usiharakishe. Mfugaji wa nguruwe ana hofu mbili: kwamba utamletea homa ya nguruwe ya Afrika bandani, na kwamba utasababisha biashara ya kitimoto ife. Hofu zote mbili zina msingi. Mwaka 2009 serikali ya Misri iliamua kuua nguruwe wote nchini, takriban 300,000, kwa sababu ya janga ambalo wakati huo lilikuwa linaenezwa na watu. Zabbaleen, wazoa taka wa Cairo waliokuwa wakiwalisha nguruwe mabaki ya vyakula, walipoteza riziki, na taka zikarundikana mitaani. Hakuna mtu aliyekingwa na mafua kwa uamuzi ule.

Mwambie mfugaji ukweli huu kabla hujafungua begi: mafua hayapatikani kwa kula nyama iliyoiva, nguruwe mwenye mafua haui soko, jina lake halitaandikwa kwenye ripoti wala gazetini, na majibu atayapata yeye kwanza, kwa lugha anayoielewa. Kama huwezi kutimiza hili la mwisho, usiliahidi. Mfugaji aliyechukuliwa sampuli akaachwa bila majibu hafungui geti mara ya pili, na jirani yake pia hafungui.

Hatua ya 3: Chagua mahali

Machinjio ndiko pa rahisi kuanzia. Nguruwe wa vijiji vingi wanakuja wenyewe, na damu na mapafu yanapatikana bila kumsumbua mnyama. Ila kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni umri. Nguruwe wa kuchinjwa ana miezi 6 au zaidi, na wengi walishapata mafua utotoni wakapona. Utapata kingamwili nyingi na virusi vichache.

Wa pili ni zizi la kusubiria kuchinjwa. Nguruwe aliyeshuka garini asubuhi na kuchukuliwa sampuli saa moja baadaye ana virusi vya shambani kwake au vya njiani. Aliyelala hapo usiku mbili kati ya nguruwe wa watu wengine anaweza kuwa amevipata pale pale, maana mafua hujitokeza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo andika saa ya kufika na saa ya kuchukua sampuli. Na muulize mchuuzi, sio karani, nguruwe ametoka kijiji gani. Mchuuzi aliyewafunga nguruwe watatu kwenye bodaboda kutoka vijiji vitatu anakumbuka kila kijiji na bei aliyonunulia. Kitabu cha machinjio kitaandika jina la mchuuzi tu.

Ukitaka virusi, nenda shambani, kwa nguruwe wa wiki 3 hadi 12. Hapo kinga ya maziwa ya mama inapungua, na wanachanganywa na wenzao wa matumbo mengine. Ni umri ule ule ambao wafugaji wa vijijini huuziana watoto wa nguruwe, kwa hiyo kwa kuwapima hao unaona pia njia ambazo virusi husafiria.

Kama fedha zako ni kidogo, mimi ningechagua machinjio mawili na mashamba kumi hivi ya kudumu yanayotembelewa kila mwezi, kuliko mashamba mia moja ya kupita mara moja. Mafua yanapita bandani kwa wiki chache tu, na ziara moja kwa mwaka ni kama kuchungulia dirishani mara moja kisha kutangaza kwamba nyumba haina watu. Weka kwenye orodha mashamba yanayofuga nguruwe pamoja na bata na kuku wa kuachia. Oktoba 2024 virusi vya H5N1 vya ndege vilithibitishwa kwa nguruwe huko Oregon, Marekani, kwenye shamba dogo la nyumbani ambako kuku na nguruwe walitumia maji na eneo moja. Maelfu ya maboma yetu yanafanana na shamba lile.

Hatua ya 4: Hesabu ya wanyama

Hesabu hii inafaa kukaa kichwani. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mnyama mmoja mwenye virusi kwenye kundi kubwa, unahitaji:

- wanyama 9 kama walioambukizwa ni asilimia 30;
- wanyama 29 kama ni asilimia 10;
- wanyama 59 kama ni asilimia 5;
- wanyama 299 kama ni asilimia 1.

Banda lenye kikohozi linaangukia mistari miwili ya juu. Banda lenye nguruwe wazima linaangukia ya chini. Hapo ndipo watu hudanganyika: wanachukua sampuli 30 kwa nguruwe wazima, wote wanatoka hasi, na ripoti inasema wilaya haina mafua. Sampuli hizo 30 zinasema tu kwamba maambukizi huenda yako chini ya asilimia 10.

Kwa mfugaji mwenye nguruwe watatu au wanne, chukua wote. Nguruwe wa banda moja wanafanana kwa maambukizi, kwa hiyo kuongeza kaya kunakupa zaidi kuliko kuongeza nguruwe ndani ya kaya ile ile.

Hatua ya 5: Vifaa

Swabu ziwe za nyuzi za plastiki, kijiti chake kiwe cha plastiki. Za pamba zenye kijiti cha mti zinaharibu kipimo. Tyubu ziwe na mililita 2 hadi 3 za maji ya kusafirishia virusi. Kabla ya kuondoka, zitazame moja moja kwenye mwanga. Aina nyingi zina rangi ya waridi. Iliyogeuka njano au yenye ukungu ina bakteria, itupe.

Soma pia lebo. Zipo tyubu zenye kemikali ya guanidini, ambayo inaua virusi na kuhifadhi vinasaba. Hizo ni nzuri kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, pale ambapo barafu ni shida, lakini huwezi kuotesha virusi kutoka humo. Na kamwe usimwage jiki juu yake: vikikutana hutoa gesi ya sumu. Hili lielezwe kwa kila msaidizi, hasa anayefanya usafi jioni.

Vingine: kasha la baridi la kubebea chanjo lenye barafu za kutosha na kipimajoto ndani, glavu za kubadilisha kwa kila mnyama, barakoa za N95, ovaroli na gambuti, ikiwezekana za shamba lenyewe, kipimajoto cha mkunduni, kalamu isiyofutika kwa maji, na kamba ya pamba, ambayo tutaifikia. Simu yenye fomu ya KoboToolbox inatosha kwa kumbukumbu na kwa ramani ya eneo, lakini uwe pia na daftari. Simu huzimika.

Hatua ya 6: Usiwe wewe mwenye kuleta ugonjwa

Ukiwa na mafua, baki nyumbani. Sijali kama gari limeshalipiwa. Kikohozi chako ndicho njia ambayo virusi vya binadamu huingilia bandani, na ukivileta, utavikuta kwenye swabu zako na kuandika ripoti ya uongo bila kujua. Kila mmoja kwenye timu aulizwe asubuhi: homa, kikohozi, koo? Chanjo ya mafua ya msimu, inapopatikana, timu nzima wachanjwe.

Hatari kubwa zaidi kwa mfugaji ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo haina tiba. Virusi vya mafua ni dhaifu, maji na sabuni vinatosha kuviua. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vinakaa kwenye damu iliyokauka, kwenye nyama, kwenye tope la gambuti, na vinasubiri. Kwa hiyo panga ratiba yako ukiihofia homa hiyo, nayo mafua yatakuwa yamekingwa humo humo. Gari liachwe nje ya geti. Kinyesi kisuguliwe kwa brashi na sabuni kwanza, ndipo dawa ipakwe na kuachwa ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa sababu dawa juu ya kinyesi ni maji tu. Shamba moja kwa siku ndiyo kanuni nzuri. Kama haiwezekani, nguo zote zibadilishwe. Ndani ya shamba anza na wadogo, malizia na wakubwa, na wagonjwa wawe wa mwisho.

Ukikuta nguruwe kadhaa wamekufa, masikio na tumbo vimegeuka wekundu wa zambarau, au damu inatoka puani na mkunduni, funga begi. Usichukue swabu ya mafua. Usitoke kwenda shamba jingine. Piga simu kwa daktari wa mifugo wa wilaya ukiwa pale pale.

Hatua ya 7: Kuchukua sampuli

Pua. Nguruwe wa kilo 15 au chini ashikwe na msaidizi, mgongo wake ukiegemea tumbo la msaidizi, kichwa juu. Atapiga kelele kali, vaeni vizibo vya masikio. Mkubwa zaidi ashikwe kwa kitanzi kinachopita nyuma ya meno chonge ya taya la juu; atarudi nyuma kuvuta na kusimama palepale. Fanya haraka na umwachie, usimfunge kwenye nguzo. Futa tope kwenye pua kwa karatasi safi. Ingiza swabu taratibu sambamba na mfupa wa pua, ifike ndani kiasi cha kukutana na utelezi, izungushe mara kadhaa, kisha rudia tundu la pili kwa swabu hiyo hiyo. Swabu kavu au iliyojaa pumba haina kitu, chukua nyingine. Ivunje ndani ya tyubu, funga kifuniko mpaka mwisho, andika namba, iingie kwenye barafu. Ndipo umshike anayefuata.

Chukua na joto la mwili. Nguruwe mzima yuko karibu nyuzi 39. Mwenye mafua hufika 40.5 hadi 41.7. Mwenye homa leo ndiye anayetoa virusi vingi kuliko wote, na kwa kawaida huvitoa puani kwa siku 5 hadi 7 tu.

Mate. Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa mabanda yenye nguruwe wengi, kwa sababu hakuna anayeshikwa. Chukua kamba nene ya pamba isiyotiwa dawa wala rangi. Usitumie ya katani, inakwaruza na hainyonyi. Ya nailoni hainyonyi kabisa. Ifunge kwenye ukuta au nguzo ya banda, ncha yake ining'inie usawa wa bega la nguruwe, kisha uondoke. Mmoja mdadisi atainusa, ataivuta, wengine watamfuata, na muda si mrefu kundi zima linatafuna. Baada ya dakika 20 hadi 30 ikate, itie ncha iliyolowa kwenye mfuko safi wa plastiki, ikamue kwa nje ya mfuko, kisha kata pembe ya mfuko na mimina mate kwenye tyubu. Kamba moja inatosha nguruwe 20 hadi 25. Nguruwe wasiowahi kuiona huiogopa siku ya kwanza. Ziara ya pili huja wenyewe. Upungufu wake ni huu: inakuambia banda lina virusi, haikuambii nguruwe yupi, na kuotesha virusi kutoka kwenye mate ni kugumu. PCR ya kamba ikitoka chanya, rudi haraka na swabu za pua.

Machinjioni. Damu ikingwe wakati wa kuchinja, mililita 5 hadi 10 kwa tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Mapafu yatazame kabla hayajaoshwa. Mafua hushika zaidi sehemu za mbele na za chini: utaona viraka vya zambarau vilivyogandamana kama nyama ya ini, vikiwa na mpaka mkali kati yao na pafu zima la waridi. Kata kipande pale penye mpaka, sio katikati ya kiraka wala kwenye pafu zima, kisha pitisha swabu ndani ya bomba la hewa. Kisu kimoja kwa mapafu mengi ni kosa. Kila kipande kiwe na wembe wake.

Damu ya nguruwe hai ichukuliwe na mwenye mafunzo. Iache igande kivulini saa moja au mbili, toa seramu, yaani maji ya damu yanayojitenga na donge, na usiigandishe damu nzima kwenye friza.

Kila sampuli iandamane na maswali machache: umri, siku aliyonunuliwa, alikotoka, kama kuna bata au kuku, na nani nyumbani alikohoa ndani ya wiki mbili zilizopita.

Hatua ya 8: Ngiri, nguruwe pori na nguruwe mwitu wa Ulaya

Nguruwe mwitu wa Ulaya ndiye babu wa nguruwe tunayemfuga, na magonjwa yao ni yale yale. Ujerumani, Italia, Hispania na Poland hupata sampuli kwa wawindaji: msimu wa uwindaji wa vuli na baridi, mwindaji anatoa damu, kipande cha pafu na taarifa ya mahali alipompiga mnyama. Akili iliyotumika hapo inafaa kuigwa. Hawakuanzisha mtandao mpya kwa ajili ya mafua. Waliongeza kipimo kimoja kwenye damu iliyokuwa tayari inakusanywa kwa magonjwa mengine ya nguruwe.

Afrika Mashariki tuna ngiri wa mbugani na nguruwe pori wa vichakani, yule anayevamia mihogo na mahindi usiku. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo sampuli hutoka kwa wanyama waliochomwa sindano ya usingizi kwa sababu nyingine au waliokutwa wamekufa, kupitia KWS. Tanzania uwindaji wa kitalii upo chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na damu ya ngiri aliyepigwa kwa kibali inaweza kupatikana kama umekubaliana mapema na waongozaji.

Kwa mnyama aliyekufa muda mfupi, chukua damu kutoka kwenye moyo au kifuani. Kama uko mbali na barafu, tumia vipande vya karatasi maalumu ya kunyonyea damu: chovya, kausha kivulini, weka kwenye bahasha yenye punje za kunyonya unyevu. Hiyo inafaa kwa kingamwili. Pua na bomba la hewa ni kwa swabu kama kawaida. Kila ngiri achukuliwe kwamba ana virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, kwa sababu ngiri hubeba virusi hivyo bila kuugua na papasi wa kwenye mashimo yake huvisambaza. Nguo na vifaa vya porini visikanyage shamba la nguruwe.

Zingatia zaidi kingo: mashamba yanayopakana na hifadhi, madimbwi ambayo nguruwe wa kuachia na wa porini hunywa pamoja, majalala ya kambi za watalii.

Hatua ya 9: Ubaridi

Nyuzi 2 hadi 8 tangu swabu inapoingia kwenye tyubu, na maabara ndani ya saa 48. Ukishindwa, igandishe nyuzi 70 chini ya sifuri au kwenye naitrojeni ya maji. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri inafaa seramu, lakini kwa virusi ni mahali pa kufia, na kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ni kubaya zaidi. Afadhali swabu ikae siku tatu kwenye jokofu kuliko kwenye friza ya duka la samaki.

Ufungashaji ni wa tabaka tatu: tyubu iliyofungwa, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya, na boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373, alama ya kimataifa ya sampuli za kibiolojia. Fomu ziwekwe nje ya chombo cha pili, ndani ya mfuko wao.

Hatua ya 10: Maabara

Tanzania peleka TVLA, wakala wa maabara ya veterinari, Temeke. Kenya, Maabara Kuu ya Veterinari, Kabete. Uganda, Taasisi ya Utafiti wa Virusi iliyoko Entebbe ndiyo Kituo cha Taifa cha Mafua kwa upande wa binadamu.

Kipimo cha kwanza ni PCR ya jeni ya M, inayoshika mafua A yote, ya nguruwe, ya ndege na ya binadamu. Ili kuokoa vitendanishi, swabu 5 zinaweza kuunganishwa, mradi kila tyubu ihifadhiwe ifunguliwe upya mchanganyiko ukitoka chanya. Chanya ziende kwenye kipimo cha aina: H1 ya 2009, H1 nyingine, H3, N1, N2. H5 na H7, aina za mafua ya ndege, zipimwe siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo.

Sampuli yenye virusi vingi, ambayo mashine ya PCR huiona mapema kabla ya mzunguko wa 30 wa kunakili vinasaba, ndiyo ya kuoteshwa kwenye seli za figo ya mbwa (MDCK) au mayai yenye kiinitete, na kusomwa vinasaba. Visomwe vipande vyote 8 ikiwezekana. Ukisoma H na N pekee, virusi vya 2009 vilivyobadilishana vipande vya ndani vitakupita. Mfuatano huo wa vinasaba upandishwe mapema kwenye GISAID au GenBank, hifadhidata za kimataifa, ukiwa na jina la kanuni: aina, mnyama, mahali, namba, mwaka, kama vile A/swine/Iowa/15/1930. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukaa Februari na Septemba kuchagua virusi vya chanjo, na huangalia pia vinavyotoka kwa wanyama. Mfuatano ulio kwenye kompyuta yako hawawezi kuuona.

Kwa seramu, anza na ELISA, kipimo cha kutafuta kingamwili, kisha HI, kinachoonyesha kingamwili ni za aina gani ya virusi, kwa zilizotoka chanya. Kumbuka kwamba nguruwe wa chini ya wiki 10 anaweza kuwa na kingamwili za mama yake.

Hatua ya 11: Majibu yakitoka

PCR chanya ya H1N1 ya 2009 haimaanishi nguruwe ndiye chanzo. Linganisha vinasaba na vya watu wa eneo lile, na tazama fomu: nani alikohoa kwanza? H5 au H7 ikionekana kwa nguruwe, mpigie mkurugenzi wa huduma za mifugo simu saa hiyo hiyo, usisubiri barua. Mtu akithibitika kuwa na mafua ya aina mpya, Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka serikali iliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 tangu ilipotathmini tukio hilo. Kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya awe na namba yako, nawe uwe na yake.

Kwa mfugaji mwenye virusi vya kawaida, hakuna kuua nguruwe. Nenda mwenyewe. Asiuze wala kununua watoto wa nguruwe kwa wiki mbili, asichanganye mabanda, maji safi yawepo muda wote, na anayehudumia avae barakoa na kunawa. Mwanafamilia mwenye homa aende zahanati na aseme wazi kwamba anafuga nguruwe. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa wa pumu wakae mbali na banda kwa sasa. Baada ya wiki mbili hadi tatu rudi uchukue damu kwa nguruwe wale wale uliowachukua damu mwanzoni, maabara izipime mbili kwa pamoja. Kingamwili zikiwa zimepanda mara nne au zaidi, maambukizi yamethibitika, na shamba hilo liingie kwenye orodha yako ya kila mwezi.